Croagh Patrick: Kisa cha Mlima Mdogo Uliochimbwa kwa Nyayo

Ukiwa Westport, mji mdogo wa Kaunti ya Mayo magharibi mwa Ireland, Croagh Patrick huukosi. Uko kilomita nane hivi kutoka mjini, una umbo la pia, umesimama peke yake juu ya ghuba ya Clew Bay, na aliyeuona mara moja hawezi kuuchanganya na mlima mwingine. Urefu wake ni mita 764 tu. Lakini kwa miaka mingi kilele hakikuwa kitu cha kwanza kushika jicho. Jicho lilitua kwenye mstari mpana, mweupe, uliopasua ubavu wa mlima hadi juu. Hapakuwa na mto pale, wala mlima haukuporomoka wenyewe. Mstari ule ulichimbwa na miguu ya watu.

Ninachambua kisa cha njia hiyo: ilivyoharibika, nani alikuwa na haki ya kuigusa, kwa nini mwanzoni mwa miaka ya 2020 ilijengwa upya kwa mawe na mikono, na kama uamuzi huo ulikuwa wa busara. Nasema mapema kwamba naona ulikuwa wa busara. Ila sababu inayotajwa kwanza kila mara, kwamba njia ilikuwa hatari kwa wapandaji, siyo inayonishawishi zaidi.

Mlima na watu wake

Huu ndio mlima mtakatifu wa Ireland. Mapokeo yanasema Mtakatifu Patrick, mmisionari wa karne ya 5, alifunga kileleni kwa siku 40, na mwaka unaotajwa ni 441. Ni Patrick yuleyule ambaye wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanalijua jina lake kupitia shule ya St. Patrick's ya Iten, iliyoanzishwa na mabruda kutoka Ireland na kulea mabingwa wengi wa mbio. Lakini mlima ulikuwa na heshima yake kabla ya Patrick. Siku kuu ya hija, Jumapili ya mwisho ya Julai, inakaribiana na sikukuu ya kale ya mavuno iitwayo Lughnasa. Uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1994 na 1995 ulikuta mabaki ya ngome iliyozunguka kilele, pamoja na msingi wa kikanisa cha mawe kilichokadiriwa kuwa cha kati ya mwaka 430 na 890. Na upande wa mashariki liko jiwe la Boheh, mwamba uliochongwa alama za duara na watu wa zama za kale. Ukisimama hapo jioni ya tarehe 18 Aprili au 24 Agosti, anga likiwa safi, utaliona jua likitua juu kabisa ya kilele, kisha likibingirika polepole kufuata ubavu wa kaskazini mpaka lizame. Watu waliochonga jiwe lile walijua walikuwa wakiutazama mlima gani.

Kikanisa cheupe kilichopo kileleni leo kilijengwa mwaka 1905, vifaa vyake vikipandishwa kwa punda. Kuanzia miaka hiyo hija ilipata nguvu mpya. Jumapili ya hija hupanda watu kati ya 15,000 na 30,000, baadhi yao peku. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakipanda usiku, mikononi wameshika taa. Ukijumlisha mwaka mzima, idadi inayotajwa ni zaidi ya wapandaji 100,000, na wengi wao siku hizi si mahujaji: ni watalii, wakimbiaji wa milimani, familia zilizokuja kutumia siku ya mapumziko, vikundi vinavyochangisha fedha za hisani.

Hujaji anayefuata utaratibu kamili hapandi tu akashuka. Chini ya pia, yaani ile sehemu ya juu ya mlima iliyochongoka, kuna rundo la mawe liitwalo Leacht Benáin. Hulizunguka mara saba akisali Baba Yetu saba, Salamu Maria saba na Nasadiki moja. Kileleni huzunguka kikanisa mara 15, kisha huzunguka mara saba mahali paitwapo Leaba Phádraig, yaani kitanda cha Patrick. Upande wa magharibi yapo marundo mengine, Roilig Mhuire, nayo yana mizunguko yake. Zidisha mizunguko hiyo kwa maelfu ya watu katika siku moja, kwenye ardhi ambayo ina siku chache za ukavu kwa mwaka, utaanza kuona tatizo lilipo.

Upandaji wenyewe huanzia Murrisk, kijiji cha pwani, karibu kabisa na usawa wa bahari. Hilo ni jambo ambalo tarakimu 764 inalificha. Iko milima mirefu zaidi ambayo gari hukufikisha nusu. Hapa karibu kila mita utaipanda kwa miguu yako. Kutoka maegesho unapita ngazi, kisha sanamu ya Mtakatifu Patrick iliyosimamishwa mwaka 1928, halafu njia inafuata kijito na kukaza hadi mgongoni mwa mlima. Mgongoni mteremko unapoa. Unaelekea magharibi, visiwa vya Clew Bay vimetapakaa chini upande wako wa kulia, upepo wa Atlantiki unakupiga bila kizuizi. Kisha pia inakusimamia mbele. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita saba hivi. Mtu wa kawaida hutumia saa mbili kupanda na saa moja na nusu kushuka. Kabla ya matengenezo, sehemu ya mwisho ndiyo iliyoamua siku ya mtu itakuwaje: ubavu mkali uliojaa mawe yasiyoshikamana, ambako hatua mbili ulizopanda zilikurudisha moja.

Jinsi njia ilivyokufa

Mwamba wa Croagh Patrick ni kwazaiti, jiwe gumu ambalo halisagiki kuwa udongo kwa urahisi. Barafu ya majira ya baridi huingia kwenye nyufa zake na kuupasua vipande vyenye kingo kali. Juu ya mwamba huo kuna tabaka jembamba la mboji nyeusi, na juu ya mboji kuna nyasi na vichaka vifupi vya mlimani vyenye maua ya zambarau. Tabaka hilo ndilo linaloushikilia ubavu wa mlima mahali pake. Mizizi hushika mboji, mboji hushika mawe, na mboji hunyonya mvua kabla haijapata kasi.

Mguu mmoja haufanyi kitu. Miguu mia huvunja vichaka. Miguu elfu huifikia mboji, na mboji iliyolowa haina ubishi, hugeuka tope kwa siku moja. Mvua inayofuata hukuta mfereji umeshaandaliwa. Maji hufuata njia ya watu kwa sababu ndiyo iliyo wazi, huchukua kila kilicho laini na kuacha mawe matupu, yakiwa yamekaa bila kushikwa na chochote. Mpandaji anayekuja baadaye haoni raha kukanyaga mawe yanayohama chini ya kiatu. Anasogea pembeni palipo na majani. Wenzake wanamfuata, pembeni panakuwa njia, na pembeni pa pembeni panangoja zamu yake. Kwenye pia hali hii ilizidi kwa sababu ya wanaoshuka. Aliyechoka hupenda kuteleza na mawe ili afike chini upesi, na kila anapoteleza hushusha mzigo wa mawe ambao hautapanda tena. Mawe mengine hayakusimama yalipoanguka. Yalibingirika hadi kwa walio chini.

Hivyo ndivyo njia ya mtu mmoja inavyotanuka ikawa pana kuliko barabara ya magari. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu la Croagh Patrick halikuwa limepoa hata kidogo. Kila mwaka liliongezeka, na lingeongezeka hata kama idadi ya wapandaji ingebaki vilevile, kwa kuwa maji yalikuwa yameshapewa kazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotanguliza usalama wa wapandaji. Ni kweli watu waliumia. Kikosi cha uokoaji cha Mayo, ambacho ni cha watu wa kujitolea, kimebeba wengi kutoka kwenye pia, hasa waliovunjika vifundo vya miguu wakati wa kushuka, na Jumapili ya hija huitisha vikosi vya sehemu nyingine za Ireland vije kusaidia. Lakini majeraha peke yake yangeweza kujibiwa kwa mabango, kwa fimbo zinazopatikana pale Murrisk, kwa kuwaambia watu wavae viatu vya maana. Mlima ndio haukuwa na namna ya kujitetea. Ubavu uliopoteza mboji yake katika mvua na upepo wa Mayo haujivishi tena wenyewe katika umri wa mtu. Njia ilistahili kujengwa kwa ajili ya huo ubavu kwanza, na miguu ifaidike baadaye.

Nani mwenye mlima?

Swali hili ndilo lililochelewesha mambo. Croagh Patrick si hifadhi ya taifa. Ardhi yake ni malisho ya pamoja. Wafugaji wa jirani wana hisa, na kondoo wao hulisha pale. Ireland haina sheria inayompa mwananchi haki ya jumla ya kutembea milimani. Anayepanda anapanda kwa hisani ya wenye ardhi, na hisani hiyo imedumu kwa vizazi kwa sababu mlima ni wa sala. Kanisa lina kikanisa kileleni na Misa zake, lakini halina mamlaka juu ya njia. Halmashauri ya Kaunti ya Mayo ina wajibu kwa wageni na kwa mazingira, lakini haiwezi kuchimba ardhi ya mfugaji kama inavyochimba barabara.

Juu ya hayo kuna hofu ya kushtakiwa. Sheria ya mwaka 1995 kuhusu dhima ya wenye ardhi inamlinda kwa kiasi kikubwa mfugaji ambaye watu hupita kwake kwa matembezi: asiwadhuru kwa makusudi, asipuuze hatari kwa uzembe wa kupita kiasi, basi. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba palipo na kitu kilichojengwa mahsusi kwa ajili ya watembeaji, lazima kitunzwe kwa uangalifu wa kutosha. Mfugaji akisoma hivyo anajifunza somo la hatari: jiwe lililolegea kwa asili si kesi, ila jiwe lililopangwa na binadamu likilegea linaweza kuwa kesi. Hofu hii haikuwa ya kufikirika. Mwaka 2013 mtembeaji mmoja alianguka kwenye njia ya mbao katika milima ya Wicklow, akaumia goti, na mwaka 2016 mahakama ikampa fidia ya euro 40,000 dhidi ya idara ya serikali inayosimamia hifadhi. Nchi nzima wenye mashamba walishtuka. Februari 2017 Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo; ilizingatia kwamba mtembeaji naye ana wajibu wa kuangalia anapokanyaga, na kwamba njia ile iliwekwa kulinda ardhi ya mboji. Laiti hukumu ya kwanza ingesimama, nadhani isingekuwa rahisi kumpata mfugaji wa Murrisk anayekubali jiwe hata moja ligeuzwe kwenye malisho yake. Mwaka 2023 sheria ilirekebishwa tena, ikampa mwenye ardhi nafuu zaidi pale mtu anapojitwika hatari kwa hiari yake.

Jibu la Mayo lilikuwa kuwaketisha wote meza moja: halmashauri, wenye hisa za malisho, kanisa, waokoaji, wanakijiji wa Murrisk, na Mountaineering Ireland, chama kinachowakilisha wapanda milima. Ni kazi ya vikao na uvumilivu, haina picha nzuri. Lakini mtu asidhani mawe yaliwekwa na mafundi peke yao. Yaliwekwa kwanza na watu waliokubali kukaa kikao baada ya kikao na kusikilizana kuhusu kondoo, bima, Misa na maji ya mvua.

Jamii hii ilishawahi kuutetea mlima wake, na kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa dhahabu ndani ya Croagh Patrick, kwenye mishipa isiyopungua 12 ya mawe ya kwatzi, wastani wa gramu 14 kwa kila tani ya mwamba. Ni mali ya kutisha kwa eneo ambalo vijana wake wamekuwa wakihama tangu njaa kuu ya karne ya 19. Pale Murrisk penyewe, mkabala na mlima, limesimama sanamu la meli yenye mifupa ya binadamu, kumbukumbu ya taifa ya njaa hiyo, lililozinduliwa mwaka 1997. Wenyeji walisimama kidete na halmashauri ikakataa uchimbaji. Dhahabu ikaachwa ardhini. Nikiulinganisha uamuzi huo na ile miaka ambayo kovu liliachwa litanuke, naona watu walewale waliomzuia mchimbaji kwa sauti moja walichelewa kuutambua uharibifu usio na kampuni nyuma yake, uharibifu unaofanywa na ndugu, majirani na waumini wenzao, kila mmoja kwa nia njema.

Pingamizi la toba

Pingamizi zito kuliko yote halikuhusu fedha wala sheria. Linahusu toba. Hija ya Croagh Patrick ni tendo la kujinyima. Anayepanda peku anataka maumivu yawe sehemu ya sala yake. Ukimpangia ngazi, je, hujamwibia?

Nalipa pingamizi hili uzito wote unaostahili. Mahali pa sala si uwanja wa michezo, na mtaalamu wa mmomonyoko hana haki ya kumwambia muumini ni kiasi gani cha shida kinatosha. Lakini tazama ile shida ilitoka wapi. Mawe yale yasiyoshikamana, ambayo watu waliyaona kama ugumu wa asili wa mlima mtakatifu, kwa sehemu kubwa yalikuwa zao la kukanyagwa. Mboji ilikuwapo, vichaka vilikuwapo, mawe yalikuwa yameshikwa. Miguu ndiyo iliyovifungua. Kwa hiyo aliyetetea mawe legelege kwa jina la mapokeo alikuwa akitetea jambo ambalo mahujaji wa mwanzo hawakulikuta katika ukubwa ule. Na mteremko haujabadilika. Pia ni ileile, mita ni zilezile, upepo ni uleule. Njia ya mawe yaliyopangwa haimpunguzii mtu pumzi hata moja. Inamwondolea kuteleza tu, na kuteleza hakujawahi kutajwa miongoni mwa sala za Leacht Benáin.

Kuna walioona pia kwamba uzuri wa milima ni kutoguswa. Ningekubaliana nao kama tungekuwa tunazungumzia mlima usioguswa.

Kazi ya mikono

Tupime basi yaliyowezekana. Kuufunga mlima kungevunja desturi ya vizazi na pengine kusingefaulu, maana siku ya hija hakuna askari wa kuzuia watu elfu kumi na tano. Zege lingekuwa aibu machoni, lingepasuliwa na barafu, na lingeyapa maji ya mvua uso mtelezo wa kukimbilia. Mbao hufaa kwenye ardhi tambarare ya mboji, si kwenye ubavu mkali wa mawe. Kilichobaki ni ufundi wa kale wa kupanga mawe makavu, bila saruji, kwa kutumia mawe ya mlima wenyewe. Mountaineering Ireland ilikuwa ikiusukuma ufundi huo kupitia kampeni yake ya Helping the Hills, na Errigal, mlima wa kwazaiti wa Donegal wenye mita 751, nao umetengenezwa kwa moyo huohuo.

Kanuni ya ufundi huu ni kuzika. Fundi huchagua jiwe kubwa lenye uso mmoja bapa, huchimba shimo, hulisimamisha wima kiasi kwamba sehemu kubwa inabaki chini ya ardhi kama jino kwenye ufizi, na uso bapa ndio unaokanyagwa. Jiwe la pili hubanwa na la kwanza, la tatu na la pili, na vijiwe vidogo hupigwa katikati mpaka kisiwepo kinachotikisika. Kila baada ya mwendo mfupi huwekwa mstari wa mawe unaokatiza njia ili kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu, na mitaro huyapokea. Kando za njia hupangwa mawe yenye ncha, yasiyokaribisha mguu. Sehemu hii ya mwisho watu wengi huiona ni pambo, kumbe ndiyo roho ya kazi nzima. Njia hufaulu pale tu inapokuwa mahali rahisi zaidi pa kukanyaga kuliko kushoto na kulia kwake. Mpandaji habanwi na bango wala kamba. Mguu wake wenyewe unachagua, na pembeni panapata nafasi ya kuota majani.

Kwenye Croagh Patrick kazi ilichukua takriban miaka mitatu. Kikosi kidogo kilipanda mlima kwanza, ndipo kikaanza siku ya kazi: kuyatafuta mawe, kuyaviringisha kwa nondo, kuchimba, kubana. Katika hali ya hewa ya Mayo, kwenye urefu ule, zipo siku ambazo upepo pekee unatosha kuvunja kazi. Wakati huohuo wapandaji waliendelea kupita pembeni yao. Nawaheshimu mno watu hawa. Alama yao iliyo bora kabisa ni kwamba anayepanda leo anaweza kufika juu bila kugundua kwamba walikuwapo.

Njia nzuri inaita watu

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo, na mfano uko jirani. Mwaka 2015 ilifunguliwa njia ya mbao kwenye mlima Cuilcagh, wenye mita 665, mpakani mwa kaunti za Fermanagh na Cavan. Lengo lilikuwa jema: kuilinda mboji dhidi ya wapandaji wachache waliokuwapo. Picha zake zikasambaa mitandaoni, ngazi ndefu zikionekana kupanda hadi mawinguni, na wageni wakaruka kutoka maelfu machache kwa mwaka hadi makumi ya maelfu. Njia ya mbao haikufika mwisho wa mlima, na pale ilipokoma mboji ikakutana na umati ambao haikuwahi kuuona.

Croagh Patrick haikuhitaji kutangazwa, lakini mzigo wake unakua kwa njia nyingine. Tarehe 2 Aprili 2022 mwandishi wa habari Charlie Bird, aliyekuwa anaugua ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, aliupanda mlima huu, na siku hiyo maelfu walipanda milima mingine ya Ireland kwa ajili yake. Zilipatikana zaidi ya euro milioni tatu za hisani. Alifariki Machi 2024. Hakuna mtu mwenye moyo atakayesema siku ile isingepaswa kuwapo, nami sisemi. Lakini kila tukio la namna hiyo huzaa wengine wanaotaka kufanya la kwao mahali palepale, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mara nyingi wanapanda wakiwa kundi moja kubwa ambalo haliwezi kuenea kwenye njia nyembamba bila kumwagikia pembeni.

Kupunguza watu kunawezekana, na kisa cha tarehe 26 Julai 2015 kinaonyesha kikomo chake. Asubuhi ya hija mvua na upepo vilikuwa vikali hadi upandaji ukasitishwa rasmi na ibada zikafanyika chini. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Hata hivyo mamia walipanda, na waokoaji wakalazimika kuwafuata wengine walioshikwa na baridi ya hatari. Mlima usio na lango haufungwi kwa tangazo. Ninaloliona linawezekana ni kuyagawa matukio ya hisani yasiangukie wikendi moja, na kuwaomba waandaaji wake wachangie njia kabla hawajachangia kingine.

Na njia itahitaji kuchangiwa, kwa sababu mawe makavu hayajengwi yakasahauliwa. Mtaro ukijaa kokoto, maji yanarudi njiani msimu uleule. Jiwe moja likitoka na lisirudishwe, la pili linabaki bila wa kulibana, na baada ya baridi moja au mbili pengo linapitisha mkondo. Fedha za umma hupenda kujenga kwa sababu kujenga kuna siku ya uzinduzi. Kuzibua mtaro hakuna. Ningetaka kuona kwenye bajeti ya kila mwaka ya wadau wa Murrisk watu wawili waliofunzwa ufundi huu, wenye koleo na nondo, wakipanda mlima Mei ili kuizibua mitaro kabla ya hija, na tena Agosti, mara tu maelfu wanapokuwa wameshuka, kurudisha kila jiwe lililotikiswa kabla ya mvua za vuli.